Lita Tatu, Kwenda na Kurudi

Bila shaka umeviona vigari hivi. Umesimama kando ya barabara pale Kanduyi, au unavuka katikati ya mji wa Kitale, mara unashtukia kigari kimekupita ubavuni kimya kimya kama paka. Hakuna mngurumo, hakuna moshi. Ukitazama nyuma yake utasoma Aqua au Prius. Hayo ndiyo magari ya haibridi, yaani gari lenye injini ya petroli na mota ya umeme zinazosaidiana kazi. Aliyelinunua karibuni atakuambia kwa majigambo kwamba amesahau njia ya kwenda kituo cha petroli. Mngoje miezi sita, mvua zikolee, kisha umwulize tena. Aghalabu utamkuta amenuna, akidai kwamba waliomuuzia walimdanganya na kwamba gari lake linakunywa kama mengine yote.

La hasha, hakudanganywa. Gari lenyewe lina masharti, na masharti hayo hubadilika mvua ikija na vumbi likija. Nayasema haya kwa sababu nyumbani kwetu jambo hili si mchezo wa kujipimia ufundi.

Kwetu ni Sirisia, chini ya Mlima Elgon, kilomita chache ndani ya barabara ya udongo. Mama yetu, ambaye wajukuu humwita Kukhu, figo zake zilichoka miaka mitatu iliyopita. Tangu hapo, kila Jumanne na kila Jumamosi, sharti afikishwe Bungoma akasafishwe damu kwa mashine. Hukaa pale kama saa nne, na akitoka huwa amelegea, miguu haina nguvu. Mtu wa hali hiyo humpandishi bodaboda kwenye matope, wala humbani kwenye matatu katikati ya magunia. Bima hulipia mashine. Petroli haiihusu.

Mwanzoni tulimbeba kwa pikapu kuukuu ya kaka yangu. Kutoka mlangoni pa Mama hadi hospitalini na kurudi ni kilomita 68 kwa saa ya gari, na pikapu ile ilikuwa ikienda kilomita 9 tu kwa lita. Piga hesabu mwenyewe: lita saba na nusu kila safari, safari mbili kwa wiki. Ndipo tukachanga, ndugu wanne, tukanunua Aqua iliyotumika Japani na kushushwa Mombasa. Mimi hutoka Kitale Jumatatu jioni nikalala nyumbani ili nimwendeshe Jumanne. Jumamosi ni zamu ya kaka, ambaye ni mwalimu.

Anayeweka hesabu ni binti ya kaka, mwanafunzi wa kidato cha pili. Ana daftari lake. Kila tunapojaza tangi huandika kilomita tulizokwenda na lita zilizoingia, kisha hugawanya. Kioo cha gari nacho huonyesha wastani wa kila safari, lakini hujipendelea kidogo, kwa hiyo kalamu ndiyo hakimu. Kwa mujibu wa daftari hilo, wakati mambo yanapokwenda sawa lita moja hutupeleka kilomita 23, maana yake safari ya Mama hula lita tatu hivi. Mambo yakiharibika hushuka hadi 17, na safari ile ile ikala lita nne. Lita moja huenda ukaiona ni kitu kidogo. Lakini mwaka una safari 104, na petroli hata tukiihesabu kwa shilingi 200 ili kurahisisha mambo, hizo ni shilingi 20,800. Kumbuka kwamba kati ya Oktoba 15 na Novemba 14, 2023 mamlaka ya EPRA iliweka lita moja jijini Nairobi kwa shilingi 217.36.

Sasa tuelewane jinsi kitu hiki kinavyofanya kazi, maana wengi hukiendesha bila kujua. Aqua haichomekwi kwenye umeme wa nyumba. Umeme wake wote umetokana na petroli uliyonunua. Katika gari la kawaida ukikanyaga breki, ile nguvu uliyoilipia hugeuka joto na kupotelea hewani. Katika haibridi, ukiachia mafuta au ukikanyaga breki taratibu, mota hugeuka jenereta na kurudisha sehemu ya nguvu hiyo katika betri iliyo chini ya kiti cha nyuma. Baadaye unapoondoka polepole, betri hiyo ndiyo hukusukuma huku injini imelala. Ukibana breki kwa ghafula, breki za kawaida huingilia kati na nguvu hupotea kama kwa jirani yako mwenye gari la zamani.

Toyota ilianza kuuza Prius huko Japani mnamo Desemba 1997, na Aqua ikafuata Desemba 2011 ikiwa imetangazwa kwenda kilomita 35.4 kwa lita. Usiihesabu namba hiyo. Ilipimwa ndani ya maabara, gari likizungusha magurudumu papo hapo, bila tope, bila matuta na bila mkungu wa ndizi kwenye buti. Kingine kinachotuponza ni kwamba kitabu cha maelezo hufika kimeandikwa Kijapani, hata kama hakikupotea njiani. Dereva wetu hurithi gari la kisasa akaliendesha kwa mazoea ya lori la mwaka 1980.

Chukua mfano wa kaka. Ni mkubwa wangu kwa miaka tisa, na kwa desturi zetu mdogo hamfundishi mkubwa kushika usukani. Yeye alijifunza zamani kwamba kwenye mteremko unaweka gia nyutro, gari lijiendee lenyewe, petroli isitumike. Kutoka Sirisia kwenda Bungoma kuna miteremko tele, kwa kuwa unashuka kutoka chini ya mlima. Na katika Aqua, gia ikiwa nyutro betri haichajiwi hata kidogo! Ule mteremko ambao ungemrudishia umeme wa bure, yeye alikuwa akiutupa, tena akihatarisha maisha, kwa sababu gari lililo nyutro halina cha kulizuia isipokuwa breki. Jumanne kioo kilikuwa kikionyesha 23, Jumamosi 19. Mimi sikusema neno. Binti yake aliliweka daftari mezani wakati wa chakula cha jioni, akaenda zake kuosha vyombo. Jumamosi iliyofuata kaka aliiacha gia kwenye D kutoka nyumbani hadi Bungoma, na hadi leo hatujalizungumzia jambo hilo.

Ipo pia gia iliyoandikwa B. Hiyo ni ya mteremko mrefu na mkali, injini isaidie kuzuia gari breki zisichemke. Wako wanaoamini kwamba B ni ya betri, basi huitumia hata tambarare. Hapana. Barabara ya kawaida ni D.

Halafu yako matuta. Ukikaribia Chwele, ukiyaona kwa mbali ondoa mguu mapema, gari lipungue mwendo lenyewe, kisha breki nyepesi. Ukiisha kuvuka, kanyaga mafuta kwa kiasi, ufikie mwendo wako, halafu ulegeze. Kilomita 70 kwa saa hutufaa. Ukifika 100 upepo wenyewe ndio unaokula petroli yako.

Nije kwenye mvua, ambayo kwetu huanza Machi au Aprili na hadi Oktoba bado hurudi rudi. Huu ndio msimu unaowafanya watu waseme wamedanganywa. Tope hushika magurudumu, na hata lami ikilowa gari husukumwa kwa nguvu zaidi. Hilo huna dawa yake. Lakini upepo wa tairi una dawa. Pima asubuhi tairi zikiwa baridi, kwa kiasi kilichoandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Nunua kipimo chako mwenyewe, maana vya mafundi wengi wa pancha vimeangushwa chini mara mia. Watu hupunguza upepo ili tairi zishike tope, halafu husahau kuurudisha wakifika kwenye lami. Kilomita zote zilizobaki wanazilipia.

Vioo navyo hufunga ukungu. Kiyoyozi cha Aqua huendeshwa na betri kubwa, hivyo kikiachwa wazi muda wote injini huamka kila mara ili kuichaji. Kiwashe vioo vitakate, kisha kizime.

Na kuna jambo la joto, ambalo ndilo lililotusumbua zaidi. Mama akitoka kwenye mashine hutetemeka, hata kama nje kuna jua. Ukiwasha joto la gari, joto hilo hutoka katika maji ya injini. Kwa hiyo injini hukataa kulala, maana ikilala maji yatapoa. Ndugu zetu walioko Ulaya na Marekani hulalamikia jambo hili kila msimu wa baridi, sisi tulikutana nalo hapa karibu na ikweta. Tukamnunulia Mama blanketi zito. Hesabu ikapanda vizuri, kisha baada ya wiki chache ikaanza tena kushuka, na kifeni kikawa kinavuma nyuma ya gari. Fundi mmoja kijana wa Kitale alifungua mlango wa nyuma, akacheka. Pembeni mwa kiti cha nyuma, chini, kuna tundu la kuvutia hewa ya kupoza betri. Blanketi la Mama lilikuwa limeliziba. Betri ikipata joto kompyuta huipumzisha, na injini hubeba mzigo peke yake. Siku hizi blanketi hukunjwa upande wa pili. Na siku ambazo blanketi halitoshi tunawasha joto, petroli iende itakako.

Mvua zikiisha usidhani umeponyoka. Desemba hadi Februari vumbi la barabara yetu huingia kila mahali, na tundu lile lile lina kichujio kinachojaa vumbi hadi hewa haipiti. Kukisafisha ni kazi ya dakika chache. Wengi hawajui hata kama kipo, kisha huuziwa betri nyingine kwa maelfu mengi ya shilingi wakati iliyomo ilikuwa ikikosa pumzi tu. Betri hizi hazipendi joto kabisa, kwa hiyo hospitalini mimi hutafuta kivuli hata kama nitatembea hatua hamsini zaidi.

Oili je? Injini hii yataka oili nyembamba, iliyoandikwa 0W-20. Katika vituo vyetu vidogo utamiminiwa ile nzito ya 20W-50 iliyozoeleka kwa matatu, na fundi atakuapia kwamba nzito ndiyo hulinda injini. Kwa injini yake, sawa. Kwa hii, ni kama kumvalisha mwanariadha gambuti.

Kuna ulaji mwingine usioonekana. Injini ikiwa baridi huwaka hata kama huihitaji, mpaka ipate joto lake. Kwa hiyo kusimama uani dakika kumi ukiipasha moto asubuhi ni kuchoma petroli bila kwenda popote, ondoka tu kwa upole. Na zile safari za kupeleka debe la mahindi kwenye kinu, kurudi, kisha kwenda dukani kununua sukari, ndizo za ghali kuliko zote. Gari huzimwa kabla halijapata joto, kisha huanza upya. Wiki moja ya Agosti daftari lilionyesha 17, na Mama alikuwa amekwenda Bungoma mara mbili tu kama kawaida. Zilizobaki zilikuwa safari za sukari. Tangu siku hiyo mambo ya dukani hufanywa Jumanne na Jumamosi, Mama akiwa kwenye mashine.

Niongeze neno kwa wanafunzi, kwa kuwa hapa hesabu huwachezea watu. Gari likitoka kilomita 22 kwa lita hadi 24, katika kilomita 100 umeokoa chini ya nusu lita. Pikapu likitoka 9 hadi 11, kwa kilomita zile zile umeokoa zaidi ya lita mbili. Kwa hiyo ikiwa nyumbani kwenu kuna magari mawili, anzeni na lile kuukuu. Kaka alipoelezwa hilo alibadilisha vichujio vya pikapu na kurekebisha tairi zake siku hiyo hiyo.

Tangi la Aqua huchukua lita 36. Zamani, katika miezi mibaya, lilitosha wiki nne na nusu za hospitali. Siku hizi linakaribia wiki sita, iwe mvua iwe jua. Sisi watoto tulikuwa tumepanga petroli inayobaki igeuzwe akiba ya tairi mpya. Mama alipopata habari hiyo alituuliza gari ni la nani. Jumanne iliyopita, tulipokuwa tukirudi, aliniamuru tupitie Malakisi kwa dada yake mdogo, ambaye hawakuwa wameonana tangu alipoanza kuugua. Walikaa chini ya mwembe mpaka jua likaanza kuzama. Binti ya kaka ameziandika kilomita zile katika safu ya peke yake.