Mnara na Mkongo

Kabla ya 2009, intaneti ya simu hapa Dar es Salaam ilihitaji subira. Kwenye kona ya kioo ilikaa herufi E, yaani EDGE, na ukurasa wa gazeti ulifunguka kidogo kidogo huku salio la vocha likikatika. Picha za kaka yangu aliyekuwa akisoma Uingereza tulikwenda kuzifungulia intaneti kafe Kariakoo. Tulilipia nusu saa, na mara nyingi muda uliisha picha ikiwa imeteremka hadi kwenye nyusi.

3G ilipoingia tulidhani tabu imekwisha. Mnara mpya uliweza kubeba data nyingi sana kuliko ule wa zamani. Lakini kutoka nchini kwenda dunia ya nje, njia ilikuwa setilaiti, na setilaiti hizo ziko takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta. Ombi lako lilipanda likashuka, jibu nalo likapanda likashuka, na hapo nusu sekunde ilikuwa imeshapita. Tena nafasi ya setilaiti ilikuwa ghali, hivyo kampuni zilinunua kidogo na wateja tukagombania hicho kidogo. Barabara pana ilikuwa inaishia uchochoroni.

Kilichofungua njia kilipita chini ya bahari. Julai 2009 mkongo wa SEACOM ulianza kazi, mwaka uliofuata ukaja EASSy, na Mkongo wa Taifa ukaanza kuipeleka huduma mikoani. Simu yangu ilikuwa ileile, lakini safari hii picha ilishuka yote. Baadaye, ilipokuja 4G, mama alizungumza na kaka huku wanatazamana. "Mbona umekonda, mwanangu?" ndilo neno lake la kwanza, na kaka hakuwa na pa kujificha.

Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika baharini upande wa Afrika Kusini. 5G ilikuwa imeshafika jijini, minara imesimama, umeme upo, ila intaneti ikawa ya kusuasua kwa siku kadhaa.

Ndiyo maana sisisimki sana nikiona tangazo la 5G. Masafa yake ya 3500 MHz hubeba data nyingi lakini hayafiki mbali, kwa hiyo yanafaa penye watu wengi. Masafa ya 700 MHz hufika mbali, na hayo ningependa yaanzie vijijini. Huko Liwale shangazi yangu ana simu janja nzuri tu. Lakini minara mingi ya vijijini bado inapokezana data kwa maikrowevu, mmoja hadi mwingine, mpaka pale mkongo ulipo, na kila mnara unapoongezeka watumiaji huongezeka lakini njia ni ileile. Ukimfungia shangazi 5G juu ya mnara wa namna hiyo, utampa 3G yetu ya kabla ya mkongo. Aanze kupelekewa mkongo.