Bunduki ya Babu na vidole vyake

Mwenye nyumba wangu hapa Darsait namwita Babu, ingawa hatuna udugu. Yeye kazaliwa Malindi, Unguja, akaja Maskati miaka ya 1970, Sultani Qaboos alipowaita Waomani waliokuwa nje warudi. Mimi ni wa Tanga, nimeletwa na mkataba wa uuguzi. Ijumaa nikiwa sina zamu hushuka chini kwao kunywa kahawa, maana Kiswahili cha kwenye simu hakishibishi.

Sebuleni kwake ukutani imetundikwa Martini-Henry ya babu yake wa Nizwa. Bunduki hizi jeshi la Waingereza lilianza kuzitumia mwaka 1871, na zilipopitwa na wakati zikamiminika Maskati kwa biashara, hata Sultani Faisal bin Turki akaanzisha ghala la silaha mwaka 1912 ili biashara hiyo idhibitiwe. Mpaka leo utaziona begani mwa wazee harusini.

Mjukuu wake ni mlenga shabaha. Bunduki yake haikai nyumbani, iko klabuni, ila picha zake amejaza simu nzima. Ndoto yake ni kufika alikofika Hamed Said Al-Khatri, aliyeiwakilisha Oman katika Olimpiki ya Rio 2016, mita 50, kwa kulala kifudifudi. Ijumaa moja akamtania mzee: "Babu, hiyo yako ni pambo tu. Bunduki ni yenye komeo."

Hapo nikaingilia, kwa sababu mimi nimepiga shabaha kwa Martini.

Mtashangaa. Nilipokuwa nasoma digrii Uingereza, baada ya diploma ya nyumbani, baridi ilinifukuza barabarani nikajiunga na klabu ya chuo ya kulenga shabaha, ndani ya ukumbi, yadi 25. Mimi natumia mkono wa kushoto. Nyumbani nilichapwa kwa ajili yake, na kule klabuni nako bunduki zote nzuri za Anschütz, za Kijerumani, zilikuwa na komeo upande wa kulia. Mwalimu akaingia stoo akanitolea BSA Martini kuukuu, kubwa kuliko umri wangu. "Hii haijali mkono," akasema.

Kweli haikujali. Ni mjukuu wa bunduki ya Babu, ila inakula risasi ndogo za milimita 5.6, zile ambazo fataki yake imo ndani ya ukingo wa ganda, hivyo pini hugonga pembeni badala ya katikati. Unashusha mkono wa chuma ulio chini, nyuma ya kifyatuo, na kipande cha chuma kinachoziba mtutu kinainama mbele. Juu yake pana mfereji. Unalaza risasi, unaisukuma kwa kidole gumba, unapandisha mkono, basi. Hakuna kulia wala kushoto. Pini nayo ina safari fupi, na hilo si jambo dogo, kwani kati ya kubonya na kulipuka ndipo mkono wako unapopata nafasi ya kuharibu.

Taabu zake pia nazijua. Umelala kifudifudi, ule mkono wa chini unagonga mkeka, lazima uilaze bunduki ubavu kila risasi. Na kusafisha ni adha: nyuma pamezibwa, unaingiza ufito kwa mbele, mdomoni mwa mtutu, pale pale ambapo mkwaruzo mdogo unaharibu shabaha. Yenye komeo unalichomoa tu, unaona mwanga moja kwa moja mpaka mbele. Risasi unaiweka kwa vidole viwili bila kuondoa shavu kwenye kitako. Kwa nukta ya kumi yenye upana wa milimita 10.4, iliyo mita 50 mbele yako, kutosogea ndiyo kazi yenyewe. Kijana alikuwa na haki, na nilimwambia hivyo. Ila pambo, hapana.

Babu akafurahi akaiteremsha. Akafungua, nikatazama ndani, tupu. Akashusha na kupandisha mkono mara tatu, vizuri kabisa, kama mtu anayefungua mlango wake mwenyewe. Kisha akatoa mfukoni ganda tupu la shaba analolitunza, atuonyeshe linavyolala mferejini. Likaanguka. Akaliokota, likagonga chuma, likaanguka tena.

Kijana alikuwa anatazama simu. Mimi nilikuwa natazama vidole. Wenzo wa Martini unashikwa kwa kiganja kizima, na kiganja kinaficha mengi. Ganda haliwezi kuficha.

Nilipopeleka vikombe jikoni alinifuata. "Mwanangu, usimwambie. Watanitoa gari." Maana ndiye anayempeleka Bibi Ruwi sokoni, na huko ndiko anakojiona bado mwanamume wa nyumba.

Usiku huo sikulala vyema. Mgonjwa wa wodini ningejua la kufanya, nina fomu yake. Huyu ni mzee ninayemwamkia shikamoo, tena ndiye ninayemlipa kodi. Lakini na watoto wanaovuka barabara za Darsait nao ni wa watu. Asubuhi nikamwambia: "Babu, sitasema mimi. Utasema wewe. Ila Jumapili twende kwa daktari, na mpaka siku hiyo funguo uniachie mimi." Alininunia siku mbili nzima. Funguo aliniachia.

Nilikwisha kuona kwamba mkono ukitulia mapajani hautikisiki, unatikisika ukinyoosha kushika kitu, nami nikawa na matumaini. Daktari alimpima kwa muda mrefu, akasema si Parkinson. Ni mtetemeko ule unaopatikana sana katika koo, na Babu akakumbuka kwamba baba yake alikuwa akimwaga kahawa. Baada ya kuulizwa habari za pumu na kupimwa mapigo ya moyo, akaandikiwa propranolol kwa kiwango cha chini. Kuhusu gari, aambatane na mtu kwanza, arudi baada ya mwezi.

Ijumaa iliyofuata alimweleza mjukuu mwenyewe, na kumwonyesha kisanduku. Kijana akasoma jina, akacheka mpaka akakaa chini.

"Babu, hii mimi nikikutwa nayo nafungiwa! Kwetu imekatazwa, mwaka mzima, si siku ya mashindano tu. Inatuliza moyo na mkono."

"Basi mimi nimeruhusiwa," Babu akasema. "Niteremshie bunduki."

Ganda lilianguka mara moja. La pili likaingia. Sasa Ijumaa anayeendesha kwenda Ruwi ni kijana, Babu kakaa mbele anamwambia wapi pa kupinda, na Bibi nyuma analalamika kwamba wote wawili hawajui njia.