Mashine Ilisema Gari Lina Njaa

P0171. Ukiyaona maandishi haya kwenye kioo cha simu baada ya kuchomeka kimashine chini ya usukani, kompyuta ya gari inakwambia kwamba injini inapata hewa nyingi kuliko petroli. Sifuri inayofuata herufi P inaonyesha kuwa huu ni msimbo wa pamoja, wenye maana ileile kwa watengenezaji wote. Mafundi wetu hawasemi msimbo, wanasema "kodi", na kwa kweli kila ikitokea mtu analipa.

Kwa shangazi yangu aliyelipa ni dereva.

Shangazi ana pikapu ya petroli, imezidi miaka 15, inashusha kabichi na karoti kutoka Mgeta kuja Morogoro mjini. Mwaka jana safari iliyokuwa ikila lita 14 ikaanza kula 18. Taa ya injini ikawaka kwenye dashibodi. Binamu yangu akanunua kimashine cha bluetooth, akakiunganisha na simu, na programu ikamletea sentensi moja ya Kiingereza yenye neno "lean". Akaitafsiri kwa mama yake papo hapo: mafuta hayatoshi kwenye injini.

Tafsiri hiyo si ya uongo kabisa, na hapo ndipo ubaya wake ulipo. Shangazi alimwita dereva, akaweka risiti mezani. "Mwanangu, hapa nimelipia lita kumi na nane. Mashine inasema mafuta hayafiki. Yanakwenda wapi?"

"Mama, mimi hiyo mashine siijui. Najua mafuta niliyotia."

Akakatwa nusu ya mshahara wa mwezi, na akaambiwa akae nyumbani kwanza.

Sitaki kumchora shangazi kama mtu mwenye roho mbaya. Ukimiliki gari la biashara nchi hii unaishi na hadithi za mafuta kunyonywa usiku kwa mpira, na za uchakachuaji. Si hadithi tupu: mwaka 2011 Serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa hasa kwa sababu watu walikuwa wakiyachanganya na dizeli na petroli. Tuhuma ilikuwepo tayari kichwani mwake. Mashine ilikuja kuipigia muhuri tu.

Wakati huo gari lilikuwa likizunguka gereji. Gereji ya kwanza walisoma msimbo, wakasema sensa ya oksijeni imekufa, wakauza nyingine. Msimbo ukafutwa, taa ikazimika, ikarudi siku ya tatu. Gereji ya pili wakasema pampu ya mafuta. Shangazi alikuwa anatafuta hela ya pampu ndipo nilipomshauri ampelekee mzee mmoja wa Kihonda aliyewahi kunitengenezea pikipiki. Nikaenda naye, kwa ajili ya udaku wa kazi yangu zaidi kuliko utaalamu.

Mzee hakuomba mashine. Alifungua boneti, akachomoa plagi ya kwanza, akaishika kwenye mwanga. Nyeusi, kavu, ina masizi kama kitako cha sufuria. Akachomoa ya pili. Hivyo hivyo.

"Injini yenye njaa plagi zake huwa nyeupe," alisema. "Hii imeshiba mpaka inacheua."

Basi tukawa na mashahidi wawili wanaopingana. Mashine inasema petroli haba, plagi zinasema petroli imezidi. Na wote wawili, kama ilivyokuja kuonekana, walikuwa wanasema kweli.

Ufumbuzi upo kwenye kile ambacho sensa ya oksijeni inafanya. Haipimi petroli. Imekaa kwenye bomba la moshi, na kazi yake ni moja: kuangalia oksijeni iliyobaki baada ya mlipuko. Ikiona oksijeni nyingi, kompyuta inahitimisha kwamba petroli ilikuwa ndogo, inaacha nozeli wazi kwa sekunde ndogo zaidi ya kawaida, petroli inaongezeka. Mfumo mzuri, ilimradi oksijeni hiyo imepita kwenye injini.

Mzee aliwasha gari likiwa bado la baridi. Akanyunyizia kisafishio cha kabureta kuzunguka upande wa kuingizia hewa. Muungurumo haukubadilika, kwa hiyo hewa haikuwa inaingia huko. Akaniambia nizibe mdomo wa bomba la moshi kwa tambara bichi, kwa sekunde chache tu. Chini ya boneti pakasikika tak-tak-tak. Akapitisha tochi: manifodi ya eksozi, kile chuma kinachokusanya moshi kutoka kwenye silinda, ilikuwa na ufa mwembamba, na pembeni yake alama nyeusi ya masizi. Chuma hicho kimepata moto na kupoa kila siku kwa miaka yote hiyo. Kimechoka.

Nilimwuliza, kama kuna ufa si moshi ndio utoke? Unatoka, akasema, lakini moshi wa injini hautiririki kama maji ya bomba, unakwenda kwa mapigo. Baada ya kila pigo unabaki mvuto, na mvuto huo unanyonya hewa ya nje kupitia ufa. Sensa iko mbele kidogo tu. Inaonja hewa ya Morogoro, inaripoti njaa. Kompyuta inaongeza petroli. Sensa inaonja tena, bado njaa. Kwenye simu ya binamu, kurasa mbili baada ya ule msimbo ambao kila mtu aliishia, palikuwa na tarakimu inayoonyesha kompyuta imeongeza petroli kwa asilimia 24. Lita nne za shangazi zilikuwa zimeandikwa pale muda wote.

Wasomaji wa hadithi tunamjua msimulizi wa aina hii. Hadanganyi, ila amekaa chumba kimoja cha nyumba na anasimulia nyumba nzima. Nami katika habari nimekutana na chanzo wa namna hiyo mara nyingi, na wenye kukanganya zaidi ni wale wakweli.

Manifodi ya mtumba na gasketi mpya vilimaliza kazi. Matumizi yakarudi lita 14 na kitu. Shangazi alimrudishia dereva hela yake yote, na gunia la viazi juu. Neno la kuomba radhi sikulisikia, labda lilisemwa nisipokuwepo.

Dereva amerudi kazini. Kabla ya kila safari anapiga picha geji ya mafuta na risiti, akifika anapiga tena, anamtumia shangazi kwa WhatsApp. Hakuna aliyemwagiza.