PITRON: TAFSIRI NI YA NANI?



Dada mmoja wa Likoni aliota feri imeondoka, yeye kaachwa. Papo hapo nikamwambia, "Kuna mtu wa nyumbani anakuzuia." Sikuwa nimeomba hata dakika moja. Akaacha kusalimiana na mama mkwe wake.

Neno la Kiebrania "pitron", yaani tafsiri ya ndoto, linapatikana Mwanzo 40 na 41 pekee, katika habari za Yusufu. Naye, gerezani na hata mbele ya Farao, alikiri kwamba tafsiri ni ya Mungu.

Jana nimevuka kwenda Likoni kuwaomba msamaha wote wawili.

Mpendwa, ukiletewa ndoto, piga magoti kwanza. Ukikosa jibu, nyamaza. Ubarikiwe.