Ndeke ya matete na ndeke ya boksi

Kwetu Uvira, mtoto aliyekulia kati ya Kavimvira na Kalundu hakununuliwa gari wala ndege ya kuchezea. Alijitengenezea. Waya wa kuokota ulikuwa shasi, kambambili iliyokatika ilitoa magurudumu, kopo la mafuta lilipasuliwa likawa bodi. Ndege, au ndeke kama tunavyosema mtaani, ilitoka kwenye matete ya Ruzizi au bua la hindi: bua moja mwili, lingine lililopasuliwa mabawa, miiba inashika yote pamoja, na elisi ya jani gumu inazunguka mtoto akikimbia dhidi ya upepo wa ziwa. Hakuna aliyepewa mchoro. Uliangalia ndege zikishuka Bujumbura ng'ambo, na katika miaka ya 2000 helikopta nyeupe za MONUC, halafu ukaenda kutengeneza kwa kukumbuka. Mie naita hiyo desturi, hata kama wenzangu wanaoandika juu ya ngoma na mahari watanicheka.

Mdogo wangu anayeishi Ubelgiji alinitumia boksi ya Airfix, ile ya wanaoanza. Ndani mna ndege Spitfire ya kipimo cha 1/72, pamoja na kole, brashi na rangi. Nikaipeleka darasani, kwani nafundisha hesabu na fizikia.

Vipande vinakuja vimeshikamana kwenye fremu ya plastiki kama majani kwenye kijiti, kila kimoja na namba yake. Kazi hiyo ina adabu yake. Kipande hakivunjwi kwa vidole. Kinakatwa kwa wembe, kovu linasuguliwa kwa msasa, halafu vipande viwili vinajaribiwa vikiwa vikavu, kabla ya kole. Kole yenyewe si ya kubandika tu: inayeyusha plastiki kidogo pande zote mbili, na zikikauka zinakuwa kitu kimoja. Ndiyo sababu tone likizidi linakula hata mahali pasipotakiwa. Kiti cha rubani kinapakwa rangi mapema, sababu mwili ukishafungwa mkono hauingii tena. Rangi inapakwa nyembamba mara mbili, si nzito mara moja. Na kwa joto letu la saa saba mchana inakauka kwenye brashi kabla haijafika kwenye bawa; basi sisi tulipaka asubuhi, madirisha ya upande wa barabara yamefungwa kwa ajili ya vumbi. Mwishoni alama zinalowekwa majini hadi ziteleze zenyewe kutoka kwenye karatasi. Hapo darasa zima lilinyamaza.

Ilipokwisha, mwanafunzi mmoja akasema: "Mwalimu, hii ndeke iko ya kuunganisha tu, haiko ya kutengeneza."

Alikuwa na haki, lakini nusu. Ndeke ya matete haikuwa na kipimo; bawa lilikuwa refu kadiri tete lilivyokuwa refu. Katika boksi, sentimita 1 inasimama mahali pa sentimita 72, na mtoto akipima bawa kwa rula anajua ndege ya kweli ilikuwa na mita ngapi. Uwiano ninaouandika ubaoni kila mwaka, wengi waliushika siku hiyo. Lakini aliyetafuta mwenyewe mahali pa kufunga bawa kusudi ndeke isipige pua chini, huyo amegusa jambo ambalo karatasi ya maelekezo haimuulizi mtu. Nikauliza darasani nani anajua kutengeneza ndeke ya matete. Mikono iliinuka michache, na karibu yote ya watoto waliotoka Sange na Kiliba. Wa mjini wamezoea za plastiki za sokoni, zinazovunjika kabla ya wiki.

Mtu asifikiri kwamba vipande vyenye namba ni vigeni kwa Tanganyika yetu. Meli Graf von Götzen iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa, ikafungwa katika masanduku kama 5.000, ikaenda kwa meli hadi Dar es Salaam na kwa treni hadi Kigoma. Huko iliunganishwa upya, ikashushwa majini mwaka 1915. Kuipiga, Wabelgiji walileta ndege 4 za kutua majini, aina ya Short, walizoazimwa na Waingereza, nazo zikiwa zimefungwa vipande vipande. Ziliunganishwa upande wetu wa ziwa, karibu na Mtoa, kaskazini ya Kalemie. Zilirukia kwenye kiziwa cha Tungwe, kwa kuwa mawimbi ya ziwa kubwa yalizishinda. Mwezi wa Juni 1916 zilidondosha mabomu Kigoma. Mwezi uliofuata Wajerumani wenyewe waliizamisha meli yao. Ikaibuliwa mwaka 1924, na tangu 1927 ikasafiri kwa jina la Liemba. Rubani mmoja, Aimé Behaeghe, alikufa kwa ugonjwa kule Niemba mwezi wa Desemba 1916, na jina lake limo vitabuni. Waliobeba yale masanduku wanatajwa kwa wingi wao tu.

Short hiyo ndiyo tunayoitengeneza sasa, kwa matete, kwa kipimo kilekile cha 1/72. Mabawa ya kweli yalikuwa na mita 16 na kitu. Yetu yana sentimita 23, mawili kwa mawili, moja juu ya lingine. Watoto wa Sange na Kiliba wanapasua matete, wa mjini wanashika rula. Maboya makubwa mawili yanakaa chini, madogo kwenye ncha za mabawa na moja chini ya mkia. Tuliyachonga katika mti mwepesi, na hapo tulikwenda kumuuliza mzee mmoja anayeunda mitumbwi Kalundu. Aliigeuza ile ndeke mikononi, akasema: "Pua iinuke, bana bangu. Ikilala, itakunywa maji." Wakachonga tena. Tuliijaribu katika beseni, ikakaa sawa.

Rangi bado tunabishana: wao wanataka ile ya kijani iliyobaki kwenye boksi, mie nataka kitambaa kionekane.