Maswali Arobaini na Matano

Najua niliahidi kuendelea na ule mfululizo wa hifadhidata, lakini itabidi ungoje. Leo nawasimulia kuhusu kiprogramu nilichoandika kwa Python, na jinsi kilivyoniumbua.

Mimi hufanya kazi Embu. Baba yangu, mwalimu mstaafu wa Kiingereza, anaishi Meru, na Jumamosi nyingi napanda matatu kupitia Runyenjes, Chuka na Nkubu kwenda kumjulia hali. Mwaka huu ameanza kusahau majina. Mara mbili ameniita kwa jina la ndugu yake marehemu. Sikuthubutu kumwambia twende hospitali. Nikafanya kama sisi watu wa kompyuta tufanyavyo tukiogopa kuzungumza na mtu: nikaandika programu.

Kitabu anachokipenda kuliko vyote ni A Tale of Two Cities cha Charles Dickens, kilichotoka kwa sehemu za kila wiki mwaka 1859. Kina sura 45, basi nikatunga maswali 45. Nikamwambia ni mchezo tu.

Dakta Manette alifungwa Bastille miaka mingapi? Baba akaandika "kumi na minane". Programu ikasema amekosa, kwa kuwa ilitarajia 18. Akaandika "Defarj", amekosa tena. Nikakaa pale pale mezani nikaongeza umbali wa Levenshtein, yaani kuhesabu ni herufi ngapi zibadilishwe, ziongezwe au zifutwe ili neno moja liwe jingine. Kutoka Defarj hadi Defarge ni mbili, nikaruhusu mbili. (Msiige. Kwa majina mafupi, mbili ni nyingi mno.)

Tulipofika mwishoni, swali lilikuwa: nani alipambana na Madame Defarge? Baba akanyamaza kitambo. Akasema, "Yule mama Mwingereza. Bastola ya Defarge ililipuka, mwenyewe akafa, na yule mama akawa kiziwi maisha yake yote." Kila kitu sawa, ila jina. Programu ilitaka Miss Pross, ikampa sufuri.

Akafunga kompyuta taratibu. "Nimetunga mitihani tangu hujazaliwa. Unanipima."

Sikuwa na jibu.

"Manette alisahau hata jina lake, akabaki kushona viatu. Wanaona mimi nimefika hapo?"

"Hapana, Baba."

"Basi nami nikuulize moja tu. Jenerali Baimungi wa hapa kwetu Meru aliuawa mwaka gani, na serikali ipi?"

Nikajibu haraka: 1956, Waingereza. Akatikisa kichwa. Huo ni mwaka aliokamatwa Dedan Kimathi. Baimungi aliuawa Januari 1965, zaidi ya mwaka mmoja baada ya uhuru, na vikosi vya serikali ya Kenya huru. Yeye na Musa Mwariama walikuwa bado msituni bendera ya Uingereza iliposhushwa Desemba 1963. Mwariama aliishi hadi 1989. Nimepita barabara hiyo miaka yote, na Sydney Carton aliyekufa kitabuni kwa ajili ya Darnay ndiye niliyemjua vizuri zaidi.

"Sufuri," Baba akasema, kisha akaomba chai. Tukiwa tunakunywa, ndipo nilipomwambia kuhusu hospitali. Alikubali, kwa sharti kwamba nisimsemee mbele ya daktari. Tunaenda Alhamisi.

Jumapili saa kumi na mbili asubuhi simu ikalia. Bila salamu: "Pross. Andika."

Nimempa nusu alama. Programu ilikuwa inapokea namba kamili pekee, kwa hiyo imenibidi kubadilisha jedwali zima. Swali la 46 nimeshaliongeza.