Nyumba ya Futi 32

Mama msomaji, umewahi kujiuliza nyumba inaweza kuwa ndogo kiasi gani na bado familia ikaishi humo bila kuchokana? Sisi akina mama wanne tuliulizana hivyo tukiwa ndani ya mtumbwi, tukivushwa kwenda kwenye mashua ya matanga iliyotia nanga katika hori ya Kilifi. Mashua hiyo ndiyo nyumba ya bwana, bibi na mtoto wao wa miaka sita. Walikuwa wamefika kutoka Shelisheli, siku tisa baharini. Mwenzetu mmoja, anayeishi na mumewe na watoto wanne katika chumba kimoja na nusu, ndiye aliyekuwa na hamu kutushinda sote.

Mashua yenyewe ni ya aina iitwayo Westsail 32. Zaidi ya 800 zilijengwa Marekani, katika miaka ya 1970. Umbo lake limetokana na mashua za uokoaji za Norway, alizozichora Colin Archer mwishoni mwa karne ya 19: zimechongoka mbele na nyuma, kama dau. Urefu ni futi 32 na upana futi 11. Wengi walinunua ganda tupu la faibaglasi wakamalizia ndani kwa mikono yao, kwa hiyo si rahisi kukuta mbili zilizopangwa sawasawa.

Kuingia ni kwa ngazi ya wima, na huteremka kinyumenyume. Sisi tuliojifunga leso tulichekana sana hapo.

Ukishuka tu, uko jikoni. Wenye mashua hawakulificha jiko. Wameliweka palipo na hewa, karibu na anayeshika usukani, ili apokee chai yake bila kuacha zamu. Stovu imening'inizwa kwa pini mbili ubavuni. Mashua ikilala upande, yenyewe hubaki sawa na sufuria haimwagiki. Mpishi naye hujifunga mkanda mpana kiunoni ili asirushwe kwenye moto. Sanduku la barafu hufunguliwa kwa juu, kwa sababu ubaridi ni mzito, na mlango wa ubavuni ungeumwaga wote.

Jambo moja tulirudi nalo majumbani. Mtungi wa gesi hauwekwi ndani kamwe. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja huteremka na kutulia chini kabisa, kwenye ngama, ikingojea cheche. Kwa hiyo mtungi hukaa nje, na mama yule akimaliza kupika huufunga kwanza palepale kwenye mtungi. Tulitazamana. Wawili kati yetu tunalala chumba kimoja na mtungi.

Mbele ya jiko kuna sebule: viti viwili virefu vinavyotazamana, na meza ya kukunja katikati. Viti hivyo ndivyo vitanda vya safarini, kwa kuwa katikati ya mashua ndipo panapotikisika kidogo. Kila kimoja kina kitambaa kigumu kinachofungwa juu kwa kamba, mtoto asidondoke. Kitanda kikubwa kiko mbele kabisa, lakini hutumika bandarini tu; mawimbini hurusha watu hadi darini. "Baharini mimi na mume wangu tunalala kitanda kimoja bila kuonana," mama yule alituambia. "Mmoja akiamka kushika zamu, mwingine anaingia kikiwa bado na joto."

Choo hatukukisifu. Ni kidogo mno, na sisi wenye miili tulishindwa kufunga mlango tukiwa tumekaa. Tena kina vali ya kufunga kila baada ya kutumia, maana ukisahau, bahari yaweza kuingia.

Mwenzetu akauliza lile tulilokuwa tukilionea haya: mkigombana, mnakwenda wapi? Mama yule hakucheka. Alisema wana mapatano kwamba mwenye hasira hupanda akakae omoni, na mwenzake hamfuati mpaka aitwe. Usiku, wakiwa safarini, hakuna ruhusa. Mtu akiteleza gizani hapatikani. "Basi usiku tunanyamaza," alisema. "Siku nyingine kunyamaza huko ni kugumu kuliko dhoruba."

Tulipokuwa tukiaga, mwenzetu alikuwa bado amechuchumaa kando ya kiti. Chini ya kila kiti kuna droo, na haifunguki kwa kuvutwa tu; lazima uiinue kidogo kwanza, ndiyo maana mawimbi hayaifungui. Ndani mlikuwa na nguo zote za mtoto, zimekunjwa. Akaomba ruhusa, akavua leso ya mabegani, akaitandaza juu ya kiti na kupiga fundo penye upana, na fundo jingine penye urefu.

Katika mtumbwi hakusema mengi. Alitaka tu kujua kama seremala wa kule sokoni hufanya kazi Jumamosi.